Haidroplani Inapokwenda Mrama: Mwongozo wa Kutafuta Figa Bovu

Sufuria hukaa juu ya mafiga matatu. Haidroplani ya rimoti, yaani kiboti cha kasi kinachoteleza juu ya maji, nayo ikishashika kasi hukaa juu ya matatu: sponsoni ya kulia na sponsoni ya kushoto (miguu ya kuelea iliyo mbavuni), na propela iliyozama nusu kule tezini, nyuma ya boti. Tumbo lake hupita juu ya maji bila kuyagusa. Ndiyo maana kiboti cha sentimita 80 chenye betri ya seli 4 kinaweza kuiacha bodaboda, na ndiyo maana kosa la milimita 2 linatosha kukigeuza hewani kama chapati.

Mtindo huu wa kuegemea propela ulijijengea jina Seattle, Marekani, mwaka 1950. Slo-mo-shun IV ya Stan Sayres, iliyosanifiwa na Ted Jones, ilikimbia juu ya Lake Washington kwa maili 160.323 kwa saa, yaani karibu km 258. Boti zetu ndogo zimerithi umbo lile, pamoja na maradhi yake yote.

Wengi wakiona boti inayumba hukimbilia kugusa vitufe vya rimoti au kununua mota kubwa zaidi. Huko ni kutwanga maji kinuni. Swali la kwanza liwe moja kila mara: figa lipi limebeba kupita kiasi, na lipi limeachwa bila kazi? La pili: hewa, ambayo hakuna aliyeialika jikoni, imebeba kiasi gani?

Mezani kwanza

Nusu ya matatizo ya majini huonekana mezani, kwa hiyo usiyaruke haya. Tafuta kioo kinene au meza iliyonyooka kweli, uihakikishe kwa pimamaji. Iweke boti ikae kwenye kingo za nyuma za sponsoni zake, tezi ining'inie nje ya ukingo wa meza ili propela isiguse.

Pima pembe ya uso wa chini wa kila sponsoni kwa kipimapembe cha dijitali. Boti nyingi huwa kati ya nyuzi 2 na 4. Namba yenyewe si muhimu kama usawa: kulia na kushoto zisipolingana, hakuna dawa nyingine itakayofanya kazi. Pitisha ukucha kwenye ukingo wa nyuma wa kila sponsoni. Uwe mkali kama kona ya rula. Ukiwa umelika na kuwa mviringo, maji hushindwa kuachana nao, huufuata ule mviringo na kuivuta sponsoni chini, kisha huiachia ghafla.

Kisha straati, ule mkono wa chuma unaoshikilia shafti huko nyuma. Mimi huanzia nyuzi 0, shafti ikiwa sambamba na mstari wa boti, na katikati ya shafti ikiwa karibu usawa mmoja na kingo za nyuma za sponsoni. Hapo propela itazama nusu boti ikishanyanyuka, na nusu ndiyo kazi yake.

Halafu kitovu cha uzito. Mizani ya jikoni inatosha. Egemeza sponsoni kwenye kingo zao za nyuma, weka tezi juu ya mizani mahali propela ilipo, boti ikiwa sawa na ina kila kitu ndani pamoja na betri. Tuseme boti nzima ina gramu 2,000, mizani ya tezini inasoma 200, na kutoka ukingo wa sponsoni hadi propela ni milimita 500. Zidisha 500 kwa 200, gawanya kwa 2,000: kitovu kiko milimita 50 nyuma ya sponsoni. Aliyeunda boti yako akikupa namba, ifuate hiyo. Asipokupa, mimi huanzia hapo, kwenye sehemu ya 10 ya umbali ule, kisha nasogeza betri milimita 5 kwa 5 kadiri maji yanavyonifundisha.

Andika kila kitu kwenye daftari. Badilisha kitu kimoja tu kati ya safari moja na nyingine. Najua inachosha, hasa mwanga unapokwisha na betri imebaki moja, lakini ukibadilisha vitatu kwa mpigo boti ikatulia, hutajua ni kipi kilichoiponya, na juma lijalo ugonjwa utarudi.

Omo (pua ya boti) inapaa na boti inapinduka kinyumenyume

Hili ndilo linalovunja boti nyingi kuliko mengine yote. Ndivyo alivyokufa Donald Campbell, Mwingereza aliyekuwa akitafuta rekodi ya kasi majini, tarehe 4 Januari 1967 kwenye Coniston Water, Uingereza: Bluebird K7 yake iliinua omo ikiwa imepita km 480 kwa saa. Miaka 12 kabla ya hapo, huko Seattle, Slo-mo-shun V ilizunguka mzunguko kamili hewani ikiwa na Lou Fageol ndani, ikatua kwa tumbo lake, naye akaumia vibaya. Maji na hewa havijui boti ya mtoto na boti ya mtu mzima.

Chini ya sitaha, katikati ya sponsoni mbili, kuna njia ya hewa. Hewa ile hunyanyua, na unyanyuaji wake hukua kwa mraba wa kasi. Boti ikienda km 60 kwa saa dhidi ya upepo wa km 20, sitaha inaonja hewa ya 80. Gawanya 80 kwa 60, piga mraba, unapata karibu 1.8. Yaani mnyanyuo umekaribia mara mbili na wewe hujaongeza moto, yaani nguvu ya mota, hata kidogo. Kwa hiyo kabla ya kugusa skrubu yoyote, uliza: inapaa ikielekea upepo tu? Ikiwa kurudi na upepo inatulia kabisa, boti yako huenda haina kosa kubwa; leo tu hali ya hewa si ya boti iliyopangwa kukaa nyepesi juu ya maji namna hiyo.

Ikiwa omo iko juu hata kwa nusu ya mwendo, uzito uko nyuma mno. Sogeza betri mbele milimita 5. Na hakikisha betri imefungwa kweli. Boti yangu ya kwanza ilipaa mara tatu mfululizo nikihangaika na pembe za sponsoni, kumbe velkro ilikuwa imeloa, na kila nilipochomoka kwa nguvu betri ilirudi nyuma sentimita 2 ndani ya tumbo.

Ikiwa omo imetulia hadi mwendo wa juu kisha inaanza kuelea polepole kama kishada, tazama tezi. Tezi ikiwa chini, sitaha nzima inakuwa imeinama kupokea upepo. Shusha straati milimita 1: propela ikizama zaidi huinua tezi, na omo hushuka. Isipotosha, inamisha straati nusu nyuzi ili upande wa propela uelekee chini. Msukumo utapanda kidogo kule nyuma na kuikandamiza omo. Pembe ya sponsoni iwe ya mwisho kupunguzwa, maana ukiigusa hiyo umebadilisha boti nzima na itabidi uanze upya na straati.

Na mara nyingine kosa ni la dereva. Kukata mawimbi ya boti yako mwenyewe kwa moto wote ni kuomba upinduke. Zunguka kwa upana, ngoja maji yatulie, ndipo upige mwendo.

Boti inadunda

Kudunda ni kwa namna mbili, na watu huzichanganya.

Kuna kudunda kwa taratibu, omo juu, tezi juu, omo juu, kama jahazi linalopanda mawimbi ya kusi. Hapo tafuta kwenye uzito na pembe kubwa: kitovu kiko nyuma mno, au pembe za sponsoni ni kubwa kiasi kwamba kila zikigusa maji zinarushwa. Sogeza uzito mbele kwanza.

Kuna kudunda kwa haraka, kama pikipiki kwenye barabara yenye matuta madogo madogo. Wakati mwingine unausikia mdundo huo kabla ya kuuona. Huku hutokana na mahali maji yanapoguswa. Kingo za sponsoni zimelika, au sponsoni imelegea kwenye boriti zake, au straati iko chini mno na propela inaisukuma tezi juu hadi inatoka majini, inakosa mshiko, inaanguka, inashika tena. Pandisha straati nusu milimita kwa wakati mmoja. Kingo zilizolika zijenge upya kwa gundi ya epoksi iliyochanganywa na unga wa kujazia, kisha uzinyooshe kwa msasa uliobandikwa juu ya ubao, kamwe si kwa msasa wa kushika mkononi, maana mkono hufanya mviringo bila wewe kutaka.

Simu yako ikiweza kurekodi picha 240 kwa sekunde, mpe mwenzako ashike. Macho yataona boti inayotetemeka. Video itakuonyesha ni tezi iliyoanza au ni sponsoni.

Propela yenyewe inaweza kuwa mhusika. Zile za Octura zinajieleza kwa jina: X440 ina kipenyo cha milimita 40 na hatua (umbali ambao ingesonga mbele kwa mzunguko mmoja) ya mara 1.4 ya kipenyo hicho, yaani milimita 56. Mota ya mizunguko 2,000 kwa volti, kwenye betri ya volti 14.8, inazunguka 29,600 kwa dakika ikiwa haina mzigo. Tuseme mzigo unaichukulia humusi moja: zidisha kilichobaki kwa milimita 56 na unapata karibu km 80 kwa saa kwenye karatasi, pungufu ya hapo majini. Fanya hesabu hii kabla ya kununua propela kubwa. Boti inayodunda kwenye 70 haitatulia kwenye 90.

Tahadhari moja nzito. Propela nyingi za mashindano huuzwa zikiwa mbichi, zinahitaji kunolewa na kusawazishwa, na nyingi ni za shaba iliyochanganywa na beriliamu. Vumbi lake ni sumu kwa mapafu. Zinoe zikiwa zimeloa maji, vaa barakoa inayofaa, futa meza kwa kitambaa kilicholowa, na usifanye kazi hiyo jikoni wala karibu na watoto.

Inatembea kama bata

Sponsoni ya kulia inagusa, ya kushoto inagusa, ya kulia tena, boti ikisonga mbele kwa kuyumba. Kama ulipima mezani na pembe zinalingana, basi mshukiwa ni msokoto wa propela. Propela nyingi za mashindano, ukizitazama kutoka nyuma, huzunguka kinyume cha saa. Boti nayo hujibu kwa kulalia kulia. Sponsoni ya kulia hubeba zaidi, ya kushoto inapungukiwa na kazi, inanyanyuka, inaanguka. Hamishia betri kushoto milimita chache, au bandika gramu 20 za madini ya risasi ndani ya upande wa kushoto, uone. Ikiwa propela yako inazunguka kwa kufuata saa, geuza yote niliyosema.

Ikiwa kutembea huku kulianza siku uliyoweka propela kubwa, jibu unalo.

Inavuta upande mmoja

Jaribio ni rahisi: ikivuta, achia moto taratibu. Ikiacha kuvuta mara moto unapopungua, ni propela. Ncha zake za chini husukuma maji upande na kuitembeza tezi. Inayozunguka kinyume cha saa hupeleka tezi kushoto, na omo kulia. Rekebisha kwa kugeuza straati kidogo upande, au kwa usukani kama ni kidogo sana. Ikiendelea kuvuta hata ikiteleza bila moto, tazama pezi la kona (bamba linaloshuka majini kuishika boti kwenye kona) kama limepinda, usukani kama umenyooka na mkuku (mstari wa katikati chini ya boti), na sponsoni kama mojawapo imejaa maji.

Kwenye kona

Hapa ndipo mambo yanapokuwa matamu. Kwenye mashindano ya modeli yanayofuata kanuni za NAMBA na IMPBA, vyama vya boti za modeli huko Marekani, boti huzunguka uwanja kwa kufuata saa, kona zote ni za kulia, na pezi la kona hufungwa kwenye sponsoni ya kulia. Boti kubwa zenye binadamu ndani huzunguka kinyume, na pezi lao liko kushoto. Kwa hiyo ukinakili picha ya boti ya Seattle moja kwa moja kwenye modeli yako ya kushindania, utakuwa umefunga pezi upande usiofaa. Na usiishangae boti yako inayokata kona tamu kulia ikigoma kushoto. Haikuundwa kwa kazi hiyo.

Tezi ikiteleza na boti ikajizungusha, pezi limepoteza mshiko. Ama ni fupi, ama ni butu, ama hewa imeshuka kuufuata uso wake hadi limebaki likikata povu. Noa ukingo wa mbele, lishushe milimita 5, na uhakikishe limenyooka sambamba na mkuku likitazamwa kutoka juu. Punguza pia mzunguko wa sevo ya usukani, ile mota ndogo inayougeuza: haidroplani haihitaji usukani mwingi, na wengi huuachia nyuzi 45 kwa sababu tu rimoti inaruhusu.

Boti ikipindukia nje ya kona, sponsoni ya kulia ikinyanyuka kwanza, tatizo ni mwelekeo wa pezi. Katika kona ya kulia boti inataka kuteleza kushoto, maji yanalisukuma pezi kulia, na kwa kuwa liko chini ya kitovu cha uzito, boti hulalia nje. Lipinde kidogo ncha ya chini iingie ndani kuelekea mkuku. Sasa maji yakilisukuma, yanalivuta na chini vilevile, na sponsoni ya kulia inashikwa. Ukizidisha utajua: sponsoni hiyo itazama na kuichomeka boti kwenye kona kama uma kwenye muhogo.

Jambo la kidole sasa. Usiachie moto wote katikati ya kona. Propela ikiacha kusukuma, figa la nyuma limeondoka, omo inaanguka, sponsoni zinachota maji. Punguza kabla ya kona, uingie na moto uleule, utoke nao.

Omo inazama, boti inachota maji

Huu ni ugonjwa wa kwanza ukitazamwa kwenye kioo: uzito mbele mno, straati chini mno, pembe za sponsoni ndogo. Rekebisha kwa mpangilio uleule lakini kinyume. Jaza nafasi tupu za ndani kwa vipande vya maboya ya kuogelea. Boti isiyo na maboya ikizama na betri ya laki kadhaa, utakumbuka sentensi hii.

Haipandi kabisa

Boti inalima maji, inatoa povu, mota inalia. Propela butu au kubwa mno, betri iliyochoka, maji tumboni, majani yaliyojisokota kwenye shafti. Kwenye Ziwa Victoria magugu maji peke yake yanatosha. Usiendelee kulazimisha: boti inayolima hula umeme kuliko inayokimbia, na kidhibiti mwendo kinaweza kuungua kabla hujafika ufukweni. Irudishe, gusa mota na betri. Ukishindwa kuacha kidole juu yake, simama.

Mtetemo na mlio wa chuma

Kwa kawaida ni shafti ya kebo iliyokauka grisi au iliyopinda, au propela isiyosawazishwa. Hakikisha kuna nafasi ya milimita 3 au 4 kati ya propela na straati. Kebo hufupika ikibeba mzigo, na bila nafasi hiyo itajisaga. Anayeendesha baharini aongeze kazi moja: suuza kila kitu kwa maji yasiyo na chumvi siku hiyohiyo, toa shafti, ipake grisi upya. Beringi zilizolala na chumvi usiku mmoja hazisameheki.

Boti ikizimika katikati ya maji, usiogelee kuifuata. Funga mpira wa tenisi kwenye mshipi wa kuvulia, urushe mbele yake, uivute. Kwenye maziwa yetu kuna kichocho, kwingine kuna mamba, na propela inayoshtuka mkononi hukata nyama. Kuipigia simu boti ya kuvulia iliyo karibu ni njia bora kuliko ushujaa.

Jana ilikuwa sawa, leo haishikiki

Hiki ndicho kisa kinachochosha kuliko vyote, kwa sababu hujabadilisha kitu. Angalia skrubu ya straati kama imeteleza. Tia alama ya kalamu ili ujue. Angalia ncha za propela. Jiwe moja linatosha. Angalia upepo umegeukia wapi.

Kisha pima sponsoni kila moja peke yake. Rafiki yangu alihangaika mwezi mzima na boti iliyolalia kulia, akabadilisha propela mbili na pezi moja. Tulipoziweka sponsoni zake juu ya mizani, ya kulia ilizidi ya kushoto kwa gramu 60. Ufa mwembamba kama unywele, palepale pezi lilipofungiwa, ulikuwa ukinywa maji kila safari. Tukatoboa tundu la milimita 2 kwenye kona ya chini, tukaiinamisha juu ya kikombe, tukaenda kulala. Asubuhi kikombe kilikuwa na maji, na juu yake kumeelea mchwa mmoja. Tukaiacha sponsoni ikauke siku mbili, tukaziba ufa na tundu kwa epoksi, tukairudisha ile propela ya kwanza.